"Yaya, nimepata aina mpya!" Ngoja kwanza: namna kome mdogo anavyopata jina



Wiki mbili zimepita, mdogo mmoja wa L3 Biolojia alinitumia picha kwa WhatsApp. Kitu cheupe, kidogo sana, kimekaa juu ya ukucha wa kidole gumba. Chini yake aliandika: "Yaya, nimepata aina mpya ya kome hapa ziwani. Nimetafuta kwa intaneti yote, haiko. Nataka kuipatia jina la mama. Natuma wapi?"

Nilicheka kidogo, kisha nikanyamaza, juu mimi mwenyewe niliwahi kusimama pale pale anaposimama yeye leo, na mambo yangu yaliisha vibaya. Nitayasimulia. Nilimjibu kwa sauti, dakika kumi na mbili, na akasema hakuelewa kitu. Njo sababu nimeamua kuandika vizuri, na wengine wapate.

Tuanze na neno lenyewe, "mpya". Watu wakisikia "spishi mpya" wanadhani mnyama amezaliwa jana. Hapana. Mnyama anaweza kuwa alikuwepo mahali pale tangu mbele ya babu wa babu zetu, na wavuvi wanamkanyaga kila asubuhi. Upya ni wa maandishi. Spishi ni mpya kama hakuna mtu aliyeichapisha na jina, maelezo na sampuli ya ushahidi. Kwa hiyo kazi ngumu si kumpata mnyama. Kazi ngumu ni kuhakikisha kwamba hakuna mtu aliyekutangulia, hata kama alikutangulia kwa miaka mia na kwa lugha usiyoijua.

Kuna hadithi moja ya kweli ambayo naipenda sana kwa jambo hili. Haikutokea kwetu, ilitokea pwani ya California, Marekani. Mwezi Novemba 2018, mtafiti anaitwa Jeff Goddard alikuwa mahali panapoitwa Naples Point, karibu na Santa Barbara. Maji ya bahari yalikuwa yamekupwa, naye anapindua mawe akitafuta konokono wa baharini wasio na ganda. Hakuwa anatafuta kome kabisa. Chini ya jiwe akaona kome wawili wadogo, wenye ganda linalopitisha mwanga, urefu wa milimita 10 hivi. Wakaanza kutoa mguu mweupe wenye mistari, mrefu kupita ganda lenyewe, wanauchezesha huku na huku. Goddard ameijua pwani ile kwa miaka mingi na hakuwahi kuwaona. Aliwapiga picha, akawaacha hai mahali pao.

Picha alizituma kwa Paul Valentich-Scott, mtaalamu wa kome wa makumbusho ya elimu ya viumbe ya Santa Barbara. Huyu mtu ameandika vitabu juu ya kome wa pwani yote ile ya Pasifiki, na hata yeye hakuwatambua. Unaona? Pale mwanafunzi wetu angeshatangaza kwenye Facebook. Lakini mzee alisema: picha haitoshi, nahitaji mnyama mkononi. Basi Goddard akarudi kutafuta. Akakosa. Akarudi tena, akakosa tena. Ilikuwa mara ya tisa, mwezi Machi 2019, alipopindua jiwe moja na kumpata mmoja. Mmoja tu.

Hapo ndipo kazi ya kusoma ilianza. Walijua jenasi, yaani lile kundi la spishi ndugu: Cymatioa. Kwa kila jina lililowahi kutolewa karibu na kundi lile, walitafuta maandishi ya kwanza. Wakafika kwenye kazi ya mwaka 1937 ya George Willett, aliyeeleza kome wa mabaki ya kale kutoka Baldwin Hills, pale Los Angeles, akamwita Bornia cooki. Jina hilo lilikuwa heshima kwa Edna Cook, mama aliyekuwa akikusanya mabaki pale, ambaye ndiye aliyepata maganda mawili pekee yaliyojulikana. Valentich-Scott aliomba ganda lile lenyewe la Willett kutoka makumbusho ya Los Angeles, akaliweka karibu na ganda la mnyama hai. Ni kitu kimoja. Mnyama aliyejulikana kwa mabaki ya umri wa zaidi ya miaka 28,000 alikuwa anatembea chini ya jiwe, na mguu wake wenye mistari. Walichapisha mwaka 2022. Jina la leo ni Cymatioa cooki.

Kwa hiyo hawakupata spishi mpya. Walipata spishi ya zamani, na habari yenyewe ikawa tamu zaidi. Mimi nawaheshimu kwa jambo moja: wangeweza kuharakisha, wampe jina jipya, wasifiwe. Baadaye mtu angefungua kabati kule Los Angeles na kuona ganda la Willett, na jina lao lingeanguka. Sheria iko wazi: jina la kwanza lililochapishwa sawasawa ndilo linalobaki. Yanayofuata tunayaita majina sawa, na hayatumiki tena.

Sasa, kwa nini kome wadogo wanasumbua namna hii? Kwanza, ni wengi kupita tunavyodhani. Mwaka 2002 Philippe Bouchet na wenzake walichapisha matokeo ya kazi yao Koumac, huko New Caledonia: katika eneo la kilometa mraba 295 tu, walipata spishi 2,738 za moluska wa bahari. Ni nyingi mara kadhaa kuliko zilizokuwa zimehesabiwa mahali popote penye ukubwa kama ule. Na sehemu kubwa ya utajiri huo ni wadogo wa milimita chache, wale ambao mtu anayeokota maganda mazuri ya kuweka mezani hawaoni kabisa. Ila sikia hii: asilimia 20 ya spishi zile zilipatikana kwa kipande kimoja tu. Kimoja! Ukishapata ganda moja la milimita 3, utajuaje kama ni spishi yake, ama ni mtoto wa spishi nyingine, ama ni mzee aliyelemaa?

Pili, kwa nje wanafanana. Mayai ya kuku nayo yanafanana, lakini kuku si mmoja. Mtaalamu haangalii rangi sana, rangi inadanganya. Anafungua maganda mawili na kuangalia bawaba, pale maganda yanaposhikana. Ndani yake kuna meno madogo, mengine upande wa kulia, mengine wa kushoto, na idadi yake na mpangilio wake ni kama alama za vidole. Anaangalia kovu zilizoachwa na misuli inayofunga ganda, na mstari ambao ngozi ya mnyama ilishikilia. Anaangalia kile kipande kidogo kabisa kilicho juu ya mdomo wa ganda, ganda la utoto, ambalo linaonyesha kama mnyama alilelewa ndani ya mamake ama alielea majini akiwa mchanga. Kwa mikroskopi ya labo zetu unaweza kuona bawaba ukiwa na subira. Ganda la utoto linaomba mikroskopi ya elektroni, na hapo, wadogo zangu, tusidanganyane, utahitaji rafiki wa mbali.

Halafu kuna mwili wenyewe. Familia ya yule Cymatioa ina mambo: wengi wao hufunika ganda lao kwa ngozi, hutambaa kama konokono, na ndugu zao wengi wanaishi kwa wanyama wengine, kwenye mashimo ya kamba ama kati ya miiba ya wale wanyama wa baharini wanaoitwa urchini. Ganda tupu halikwambii hayo. Ukiandika "alipatikana kwenye mchanga", na kumbe alikuwa ameshika tumbo la urchini, umetupa nusu ya habari.

Na leo kuna ADN. Inasaidia sana, hasa pale maganda yanafanana kabisa lakini damu ni tofauti. Lakini nayo ina mitego. Tulifundishwa kwamba spishi ni wale wanaozaana wao kwa wao. Nenda umuulize Lasaea, kome mdogo wa milimita chache anayekaa ndani ya nyufa za mawe kwenye pwani nyingi za dunia. Sehemu kubwa ya Lasaea huzaa watoto walio nakala ya mama, bila kuchanganya urithi. Hapo kila ukoo uko peke yake. Utaita kila ukoo spishi? Utapata mamia. Utaziita zote moja? Utaficha tofauti za kweli. Wataalamu wanabishana hadi leo, na profesa akikuuliza mtihanini "toa maana ya spishi", mpe ile ya kitabu, lakini moyoni umkumbuke Lasaea.

Tuje kwenye jina, juu ndilo lililomuwasha mdogo wetu.

Majina ya wanyama yanaongozwa na kanuni moja ya kimataifa, na saa ya kanuni hiyo inaanza mwaka 1758, toleo la 10 la kitabu cha Linnaeus, Systema Naturae. Jina lina sehemu mbili: jenasi kwa herufi kubwa, kisha jina la spishi kwa herufi ndogo. Ukitaka kumheshimu mtu, unachukua jina lake na kulipa mkia wa Kilatini. Mwanaume mmoja, mkia ni -i. Mwanamke mmoja, ni -ae. Mama anaitwa Furaha? Itakuwa furahae. Baba ni Mugisho? mugishoi. Ukitaka mahali, Uvira inaweza kuwa uviraensis. Mtaona kwamba cooki ina mkia wa mwanaume wakati Edna Cook alikuwa mama. Ndiyo, Willett aliandika hivyo mwaka 1937 na jina linaendelea kutumika vile lilivyochapishwa. Kujipa jina lako mwenyewe hakuna anayekufunga, lakini watu watakucheka miaka mia.

Jina peke yake ni upepo. Ili lihesabiwe, lazima lichapishwe, liwe na maelezo yanayotofautisha mnyama na ndugu zake, na tangu mwaka 2000 lazima useme wazi sampuli ipi ndiyo shahidi wa jina na imewekwa katika mkusanyo gani. Sampuli hiyo inaitwa holotaipu. Mimi nawaeleza wanafunzi hivi: holotaipu ni kama karatasi ya kiwanja. Watu wanaweza kubishana juu ya mipaka, lakini mwisho wanaenda kufungua karatasi. Valentich-Scott bila ganda lile la 1937 angebaki anabahatisha kwa mchoro.

Na wale mabano? Wengi huuliza. Mtazame kome mmoja wa kwetu kabisa, Grandidieria burtoni (Woodward, 1859). Burton na Speke walifika Tanganyika mwaka 1858, Speke akabeba maganda, na Woodward wa London akayaelezea mwaka uliofuata. Kome huyu alimwita Unio burtoni. Baadaye alihamishwa jenasi. Basi jina la Woodward likawekwa ndani ya mabano, kuonyesha kwamba ni yeye aliyetoa jina la spishi, lakini nyumba imebadilika. Willett naye ni vile vile: Cymatioa cooki (Willett, 1937). Bila mabano, mnyama yuko bado katika nyumba aliyopewa mwanzo. Kanukta kadogo, lakini kwenye TFC wengi wanaanguka hapo.

Nimesema Tanganyika, sasa siwezi kuiacha. Maganda ya ziwa letu yanafanana na ya bahari kiasi kwamba Mwingereza J.E.S. Moore, baada ya kuja mara mbili mwishoni mwa karne ya 19, aliandika kitabu mwaka 1903 akidai ziwa lilikuwa mkono wa bahari ya kale. Alikosea. Mnyama wa maji matamu, akiishi muda mrefu sana katika ziwa kubwa lenye mawimbi na maadui wenye makucha ya kuvunja ganda, anaweza kujenga ganda nene na la mapambo kama la baharini bila kuwa na undugu wa karibu na wa baharini. Sura si ukoo.

Lakini aliyetuachia kazi zaidi ni Mfaransa Jules René Bourguignat. Kati ya 1885 na 1890 alichapisha juu ya moluska wa Tanganyika, akitumia maganda aliyoletewa na wamisionari na wasafiri. Kwake kila tofauti ndogo ilikuwa spishi: hili limeinuka kidogo, jina, hili limebonyea, jina. Jenasi Lavigeria, konokono mnayemkanyaga pale ufukoni, ilitoka kwa jina la Kardinali Lavigerie. Kwa Grandidieria peke yake alimwaga majina mengi, na leo wataalamu wengi wanayahesabu kuwa kome mmoja, yule yule burtoni wa Woodward. Lakini majina yale hayafutiki. Yamechapishwa. Kila mtu anayetaka kutaja spishi mpya ya ziwa lazima apite katikati yao, moja moja, aonyeshe kwamba yake si mojawapo. Na mkusanyo wa Bourguignat uko wapi? Geneva. Maganda mengine yako London, mengine Tervuren. Kitabu kikubwa cha Pilsbry na Bequaert juu ya moluska wa maji wa Kongo, cha mwaka 1927, kilichapishwa New York. Sisi tuna ziwa. Karatasi za kiwanja ziko kwa wengine. Hii inaniuma, sifichi. Picha nyingi siku hizi zinapatikana kwa intaneti na wahifadhi wengi wanajibu barua wakiandikiwa kwa adabu, lakini bado si sawa na kufungua kabati mwenyewe.

Sasa deni langu. Nilipofanya TFC, nilichota mchanga wa chini ya ziwa katika vituo sita na kuchuja. Papa mmoja mvuvi aliyenipeleka kwa mtumbwi alishangaa: "Mutoto wangu, hii inakuliwaka?" Nikasema hapana. "Sasa unaifanyia nini?" Sikuwa na jibu zuri. Katika kituo cha nne nilipata kome kumi na moja, wembamba, milimita 3 hadi 4, ambao hawakuingia katika ufunguo wowote wa utambuzi niliokuwa nao. Kwenye jedwali niliandika "sp. B". Moyo ulinidunda. Nikawatia katika formoli, kama nilivyoona wengine wakifanya kwa samaki, nikafunga chupa, nikaenda kuandika sura ya tatu.

Formoli ikikaa inakuwa asidi. Ganda la kome ni chokaa. Mnajua kinachofuata, kemia ya mwaka wa kwanza, na mimi kemia nilikuwa nimepita na alama nzuri. Baada ya miezi saba nilifungua chupa: vingozi vyeupe, laini kama karatasi iliyolowa. Bawaba hakuna. Meno hakuna. Na formoli ilikuwa imeharibu pia ADN. Kibandiko kilikuwa nje ya chupa, kimeandikwa kwa Bic, wino umefutika. TFC ilipita vizuri, wala hakuna aliyeuliza. Lakini "sp. B" iko pale ukurasa wa 41, na hakuna mtu, hata mimi, atakayejua ilikuwa nini. Labda ilikuwa kitoto cha kome wa kawaida. Labda haikuwa. Nilirudi kituo cha nne mara mbili baadaye, sikuona kitu. Mto ulikuwa umeleta matope mengi mahali pale.

Kwa hiyo mdogo wetu nilimwambia hivi. Jina la mama liache kwanza, halitaoza. Mnyama ndiye anayeoza. Weka kwenye alkoli, ile ya asilimia 95 kama unataka ADN, na kabla ya hapo uhakikishe ganda limefunguka kidogo, juu kome akijifunga alkoli haiingii. Maganda matupu yakaushe, yaweke pembeni. Kibandiko kiwe ndani ya chupa, kwa penseli: mahali, vipimo vya GPS, kina, mchanga ama jiwe, tarehe, nani ameokota. Rudi pale pale utafute wengine, wadogo na wakubwa, uone kama wanaunda mfululizo. Fungua mmoja, chora bawaba, hata kama hujui kuchora. Kisha ndipo tuanze kusoma, kuanzia Woodward kwenda mbele. Na karatasi za ruhusa uziandae mapema, sampuli haivuki mpaka ndani ya mfuko wa koti.

Jibu lilikuja kesho yake: "Yaya, nimerudi. Nimepata wengine nane. Moja nimelivunja." Akatuma mchoro wa penseli, umepinda upande, lakini bawaba inaonekana: meno mawili upande mmoja, moja upande wa pili. Kwa maumbile hayo nafikiri ni mmoja wa kundi la Pisidium, wale kome wadogo kama mbegu ya mtama wanaopatikana katika maji matamu karibu dunia nzima. Ni kundi gumu, na wazungu wenyewe wanalikimbia. Kwenye chupa tumeandika "Pisidium sp.", pamoja na alama ya kuuliza. Jumamosi tunaanza kusoma.

Mama yake, nasikia, ameshaambiwa.